Jepchumba Anaulizwa Amesoma Nini

Kila alasiri, kabla ya kukamua, Jepchumba na mama mkwe wake, Chepkurui, waliteremka pamoja hadi kanisani kujifunza kusoma. Kule milimani Molo baridi haina huruma, lakini darasa la akina mama lilijaa.

Jepchumba alisoma vizuri, jamani. Hakukwama wala hakudonoa herufi moja moja. Alitaka kitu kimoja tu, kupandishwa kitabu cha pili.

Siku ya mtihani, Mwalimu Obura, kijana aliyekulia Nakuru kwenye nyumba za reli, aligawa karatasi ya mambo ya maziwa. Jepchumba akasoma:

"Maziwa ya kuuza yasitiwe kwenye kibuyu cha kugandishia, hata kikioshwa. Yatachacha. Yatie kwenye ndoo iliyooshwa kwa maji ya moto."

"Vyema," akasema Mwalimu. "Sasa tuzungumze. Kwa nini maziwa ya watu hurudishwa kutoka kituo cha kununulia maziwa?"

Chepkurui akawahi. "Ni jua. Njia yenyewe ni ndefu."

Jepchumba akaitazama tena karatasi yake. Asubuhi hiyo maziwa yao yalikuwa yamerudishwa tena. Na kila siku Chepkurui huyapimia kwenye kibuyu chake cha mursik, yaani maziwa ya kugandishwa, kabla ya kuyapeleka. Jibu alilijua. Lakini mke wa mwana atampingaje mama mkwe mbele za watu? Akainamisha kichwa.

"Jepchumba, wewe unasemaje?"

Jepchumba akazidi kuikunja karatasi yake, macho chini.

Basi Mwalimu akakata shauri. Huyu anasoma kwa mdomo tu, haelewi. Abaki kitabu cha kwanza. Jepchumba alitoka nje akalia, wala hakujificha.

Jirani yao Nabalayo, aliyekuwa akimsaidia Mwalimu darasani, hakuridhika.

"Mwalimu, umempima kusoma, au umempima heshima? Usimuulize nani amekosea. Muulize karatasi inasema nini. Aweke kidole mahali penyewe, kisha aeleze kwa maneno yake. Na wengine wote wafanye hivyo hivyo, hata mama mkwe."

Obura akajikuna kichwa. Kesho yake aliwaomba radhi, akaanza upya.

"Hapa hatubishani na mtu. Kila anayesema atuonyeshe alipopasoma. Mama Chepkurui, jua liko wapi?"

Chepkurui akatafuta juu mpaka chini. "Silioni," akakiri.

"Jepchumba?"

Jepchumba akaweka kidole. "Hapa. Kibuyu cha kugandishia hubaki na uchachu ndani, hata tukikiosha. Maziwa mabichi yakipita humo, huanza kuganda njiani. Kwa mursik ni vizuri. Kwa kuuza, tutumie ndoo."

Chepkurui akavuta karatasi, akasoma mstari ule mwenyewe, polepole, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo jana ulijua," akasema.

"Nilijua, Mama."

"Na ukaniacha niseme ovyo mbele ya watu."

Wanawake wakacheka, naye akacheka. Jepchumba alipewa kitabu cha pili siku hiyo hiyo, akakikumbatia kama mtoto.

Asubuhi iliyofuata walitumia ndoo iliyooshwa kwa maji ya moto. Maziwa yalipokelewa yote.

Jioni, Chepkurui alimwita mkaza mwanawe jikoni, akaketi na kitabu chake cha kwanza karibu na moto.

"Keti hapa," akasema. "Nitasoma, halafu nitakueleza nilichoelewa. Nikikosea, niambie."

"Mimi nikuambie, Mama?"

"Wewe. Nani mwingine?"