Kiatu Chini ya Cherehani

Walikutana soko la vitambaa, siku ambayo hata pa kutia mguu hapakuwa. Yeye, fundi cherehani, kashika ncha moja ya kitambaa cha buluu, yule kaka kashika ya pili.

"Hicho ukikifua mara mbili, kaka, utadhani ni tambara la jikoni."

"Sasa wewe unakitakia nini?"

"Mimi fundi. Napenda kuwajua wanaodanganya watu."

Kaka akacheka. Shati lake jeupe lilinyooshwa kwa pasi, ila kifungo cha juu kilishonwa kwa uzi mweusi. Fundi akambatiza Bwana Kifungo, na wiki tatu simu hazikukatika.

"Umekula, malkia wangu?"

"Nimekula. Bado unazurura na makaratasi yako?"

"Ndiyo kazi yangu, kuzurura."

Hakumchimba zaidi. Mtu ukipata raha unaogopa kuichokonoa.

Hofu yake nyingine ilikuwa karakanani kwake, alikoshonea nguo. Wanawake kumi na tisa walimfuata hapo kutoka kiwanda kilichowalipa ujira usiotosha hata chakula. Sasa mnunuzi wa ng'ambo alikubali kuchukua sare zao kwa bei ya haki, mradi wapate cheti kwamba hakuna anayenyonywa wala mtoto anayefanyishwa kazi. Wakikosa cheti, wanarudi kulekule. Na chumba cha nyuma kulikuwa na watoto wanne ambao mama zao waliwanyonyesha kati ya mshono na mshono. Mkaguzi wa cheti akiwakuta, ataelewa nini? Asubuhi ya ukaguzi Fundi akaamuru wapelekwe nyumba ya jirani.

"Mwanangu, uongo huu utatutokea puani," alisema shangazi yake, mkata vitambaa.

Saa nne mkaguzi akaingia. Shati jeupe, kifungo cha uzi mweusi.

"Karibu, mkaguzi," Fundi akasema, sauti kama ya mtu mwingine.

Bwana Kifungo naye alishtuka, ila akajikaza. Akapita mashine hadi mashine, kisha akainama chini ya cherehani moja na kuibuka na kiatu kinachoenea kiganjani.

"Cha nani hiki?"

"Sijui."

"Nilishawahi kuokota kiatu namna hii, Fundi. Juu ya dari tulikuta watoto saba wamefichwa, vidole vimechanika kwa kukata nyuzi. Niambie mimi."

"Nimesema sijui."

Akaandika, akaondoka. Siku mbili simu yake haikulia. Fundi alikuwa akiwatazama wale wanawake wakicheka juu ya mashine zao, na hakuna aliyejua kwamba huenda amewaangamiza. Siku ya tatu akapiga mwenyewe.

"Njoo. Nilikudanganya."

Alipofika, Fundi akausukuma mlango wa nyuma. Watoto wanne mkekani, mmoja ana kiatu kimoja. Mama yake, blauzi imelowa maziwa, akamkwapua na kumkumbatia kana kwamba anakuja kunyang'anywa.

Bwana Kifungo akajishika kichwa. "Mimi silali, kumbe ni hawa! Chumba cha kunyonyeshea kinawaongezea sifa, mpenzi wangu. Kwa nini ulinificha?"

"Niliogopa. Wote hawa wako mgongoni kwangu."

"Ila cheti chenu sitakisaini."

Cherehani zote zikanyamaza.

"Nimewaandikia ofisini. Jumatatu atakuja mama mmoja mkali, hacheki. Mwonyesheni kila kitu."

"Kwa nini si wewe?"

"Mkaguzi haruhusiwi kukagua karakana ya mchumba wake."

"Mchumba!" Shangazi akaweka mkasi chini. "Nani kakupa?"

"Bado, shangazi. Ndiyo naomba."

Fundi akatunga uzi mweupe kwenye sindano, akamvuta kola na kuanza kukata ule mweusi. Jumatatu ilikuwa bado inamtisha.

"Tulia," akamwambia, "siwezi kuolewa na mtu mwenye kifungo hiki."