Goti Ni Langu, Niulizeni Mimi

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, na nimeikanyaga miaka thelathini na moja. Nimeshona sare za shule, suruali za kazini, magauni ya harusi na mapazia ya nyumba nzima nzima. Chumba cha mbele cha nyumba yangu ndiyo karakana. Cherehani iko chini ya dirisha, kando yake iko meza ya kukatia, na ukutani kuna msumari wa kutundikia futi ya kupimia. Ukinitaka, unanikuta hapo.

Basi goti langu la kulia likaharibika. Kwanza lilikuwa linasaga nikipanda ngazi. Baadaye likawa linauma hata nikikaa. Mwisho nikawa nakanyaga kwa mguu mmoja, na mshono unakwenda upogo. Mteja mmoja alinirudishia suruali. Mimi! Nilirudishiwa suruali!

Daktari alinipiga picha. Akanionyesha kwamba ule utando laini unaokaa kati ya mifupa umelika wote. Mfupa ulikuwa unasugua mfupa.

"Dawa tumeshajaribu, sindano tumeshajaribu," alisema. "Sasa tubadilishe goti. Tutaondoa sehemu zilizolika, tuweke goti bandia la chuma na plastiki."

Nikauliza swali moja tu. "Nitakanyaga cherehani?"

"Ukifanya mazoezi, utakanyaga."

Mazoezi. Neno hilo nililisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Shida ni kwamba baada ya siku ile hakuna mtu aliyezungumza na mimi tena. Walizungumza na watoto wangu.

Watoto ninao wawili. Mkubwa ni wa kiume, na tangu utotoni tunamwita Mwenyekiti. Wakikutana watu wawili tu, yeye anafungua kikao. Wa pili ni binti, kitindamimba wangu, ninaishi naye na ananisaidia kukata vitambaa. Wananipenda, hilo sikatai. Lakini upendo wao nusura uniharibie mguu.

Wiki tatu kabla ya upasuaji, hospitali iliwaita wagonjwa wote wa magoti kwenye darasa la maandalizi. Nilikuwa nimeshachagua gauni la kuvaa. Mwenyekiti akaja asubuhi, amevaa koti lake la kijivu.

"Mama, utajitesa bure na goti hilo," akasema. "Nitakwenda mimi, nikuwakilishe."

"Kwani goti ni lako?"

"Mama bwana! Nitakuja kukueleza kila kitu."

Alirudi saa saba.

"Haya, wamesemaje?" nikamuuliza.

"Wamesema upumzike."

"Saa mbili zote walizokaa wamesema nipumzike tu?"

"Kimsingi, ndiyo."

Kimsingi! Nilikuja kujua baadaye kwamba nusu ya darasa alikuwa barazani, anaongea na simu. Walimpa karatasi ya mazoezi, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti. Koti akalitundika kabatini kwake, na habari ikaishia hapo.

Mimi nikajiandaa kwa namna ninayoijua. Nilishona mto. Nilipima goti langu, nikakata sponji ngumu, nikaizungushia pamba, nikashona foronya ya bluu yenye mkanda ukingoni. Katikati niliacha kibonde ili goti likae humo limetulia. Ilinichukua siku tatu. Siku hizo tatu ningeweza kuwa naimarisha misuli ya mapaja, maana goti jipya linabebwa na misuli hiyo. Lakini nani aliniambia?

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kesho yake asubuhi muuguzi alinisimamisha, nikashika ile fremu ya chuma ya kutembelea, nikapiga hatua sita. Niliuma meno. Lakini nilisimama, na moyo ukafurahi.

Siku ya nne nikaruhusiwa. Muuguzi akaja na maelekezo, akampa Mwenyekiti. "Mama apewe dawa hizi. Mama afanye hivi. Mama asifanye vile." Walisimama huku na huku ya kitanda, na mimi nimelala katikati kama mzigo unaopokelewa stoo. Mwenyekiti alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. Nikajaribu kuuliza kitu, akanipapasa bega. "Usijali, Mama. Tumeelewa."

Kufika nyumbani, nikapigwa na butwaa. Karakana yangu ilikuwa imegeuzwa wodi. Meza ya kukatia haipo, kimewekwa kitanda. Cherehani imesukumwa pembeni na kufunikwa shuka jeupe. Utafikiri imekufa.

"Nani kawaambia muifunike?" nikauliza.

"Tulikaa kikao, Mama," Mwenyekiti akasema. "Tumeona cherehani basi tena. Umefanya kazi ya kutosha."

"Kikao! Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unapasuliwa."

Alisema hivyo hivyo, bila aibu. Nilikuwa sina nguvu ya kugombana, nikaingia kitandani.

Wiki mbili nililala. Goti langu liliwekwa juu ya mto wa bluu, limekunjwa kidogo, raha mustarehe. Chakula kililetwa kitandani, maji yakaletwa kitandani. Nilikwenda chooni tu, na hata huko nilisindikizwa. Nikijaribu kusimama, Kitindamimba anapiga kelele: "Mama, kaa! Utalivunja!" Dawa ya maumivu alikuwa ananikatia nusu. Alisikia mahali kwamba dawa hizo zinaharibu figo. Basi nikawa naumwa, na kwa kuwa naumwa, nami sikutaka kujisogeza. Goti likavimba, likakaza.

Siku ya kutolewa nyuzi tukaenda hospitali wote watatu. Kitindamimba alibeba mto kwenye mfuko, nisije nikakosa pa kuegesha goti. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri. Kisha tukapelekwa chumba cha mazoezi. Kilikuwa na vitanda vifupi, vyuma vya kushika ukutani, na ngazi ya mbao yenye vidato vitatu isiyokwenda popote.

Daktari wa mazoezi alikuwa mwanamke mfupi, kijana, amevaa raba nyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mazoezi unafanya mara ngapi kwa siku?"

"Anapumzika vizuri sana," Mwenyekiti akajibu.

Yule dada akamgeukia. "Samahani, kaka. Goti ni la nani?"

"La mama."

"Basi mwenye goti atajibu."

Nusura nimkumbatie!

"Mazoezi gani?" nikamwambia. "Mimi sijaambiwa zoezi lolote."

Akachukua kipimo cha plastiki chenye mikono miwili, akakiweka ubavuni mwa goti. Akanikunja mguu taratibu, nami nikapiga yowe.

"Linakunjika digrii hamsini na tano," akasema. "Leo nilitaka nione karibu tisini. Na halinyooki, limebakiza digrii kumi na tano."

Vipimo ndiyo kazi yangu, sihitaji kutafsiriwa. "Kukaa kwenye cherehani na kukanyaga pedali, zinatakiwa ngapi?"

Akavuta kiti, akakaa kama fundi, akalipima goti lake mwenyewe. "Kama tisini. Na zaidi kidogo ukitaka kuinuka."

"Na nikibaki na hizi nilizonazo?"

"Mama, sitakuficha. Ndani ya goti kuna kovu linajijenga. Likikomaa, huenda ukarudishwa chumba cha upasuaji, ukalazwa usingizi, goti likunjwe kwa nguvu. Na hata hapo siwezi kukuahidi cherehani."

Nikalitazama goti, nikaikumbuka cherehani yangu chini ya lile shuka.

"Nyumbani unalalaje?" akauliza.

Kitindamimba akatoa mto kwenye mfuko. Yule dada akaugeuza, akaufuata mshono kwa kidole. "Kashona nani?"

"Mimi."

"Kazi safi sana. Na ndiyo inayokuharibia goti."

Akanieleza, na alikuwa ananitazama mimi, si wao. Mto ukikaa chini ya goti, goti linazoea kukunjika na halinyooki tena. Ukitaka kuinua mguu ili uvimbe ushuke, mto uuweke chini ya kisigino, goti libaki hewani lijinyooshe lenyewe. Unaona tofauti ni ndogo tu? Nusu mita. Ningeambiwa siku ile ya darasa, ningeushona huo mto kwa ajili ya kisigino!

"Haya yote tulifundisha kwenye darasa," akasema. "Yapo kwenye karatasi."

"Karatasi ipi?" nikamgeukia mwanangu.

Alikuwa amevaa koti la kijivu. Akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Haikuwahi kufunguliwa.

Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Siku ile nililia, na yalikuwa machozi ya hasira.

"Kwa hiyo mguu wangu ulikuwa mfukoni mwako!" nikamwambia. "Umenizuia kwenda darasani, hukusikiliza, hukuniambia, halafu ukakaa kikao ukaizika cherehani yangu! Nilikufa lini mimi? Mlinipasua goti au mlinitoa akili?"

"Mama, nilidhani nakusaidia."

"Uliniuliza?"

Kitindamimba naye akaanza kulia, akasema habari ya nusu kidonge.

"Hapana, mdogo wangu," daktari wa mazoezi akamwambia. "Dawa yake ilipimwa na daktari aliyeangalia figo zake. Ukimpunguzia, anaumwa, hafanyi mazoezi, goti linaganda. Mkiwa na wasiwasi, ulizeni. Msipunguze wenyewe."

Karatasi ikafunguliwa, nikapewa mimi mkononi. Zoezi la kwanza, nyoosha mguu kitandani, kaza paja, kandamiza goti chini, hesabu mpaka tano. La pili, kaa kwenye kiti, telezesha kisigino kurudi nyuma kadiri unavyoweza, kisha ongeza kidogo. Kila zoezi mara kumi, na mara tatu au nne kwa siku. Dawa ninywe kwa saa zilizoandikwa, na mazoezi niyafanye kama nusu saa baada ya kuimeza. Nikimaliza, niweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa robo saa. Nitembee kidogo kidogo kutwa nzima. Kwenye ngazi, kupanda natanguliza mguu mzima, kushuka natanguliza uliopasuliwa. Ile ngazi ya mbao ilikuwa ya kujifunzia hayo.

"Maumivu ya kuvuta, vumilia," akasema. "Lakini njoo haraka, siku hiyo hiyo, ukiona kidonda kinatoa usaha, una homa, au nyama ya nyuma ya mguu imevimba na inauma. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, usingoje hata dakika. Inaweza kuwa damu imeganda."

Tulirudi nyumbani. Nilipofika mlangoni nikasema, "Leo kikao naitisha mimi. Ajenda ni moja. Toeni hilo shuka."

Kitanda kilirudi chumbani kwangu. Zulia la barazani likaondolewa, maana fremu ilikuwa inajikwaa hapo. Kiti cha kazi kikaongezewa sponji kiwe juu zaidi, niinuke bila shida. Cherehani ikarudi chini ya dirisha, nami nikakaa mbele yake bila kuigusa.

Nikachukua kipande cha satini, nikakikunja chini ya kisigino, kwa sababu satini inateleza sakafuni. Nikavuta mguu nyuma mpaka jasho likanitoka. Hapo kisigino kilipoishia, Kitindamimba akachora mstari kwa chaki ya fundi. Kila siku mstari mpya. Siku nyingine ulisogea unene wa uzi tu, nikatukana goti, nikatukana koti la kijivu, nikaanza tena. Kitindamimba akitaka kupiga deki, namwambia, "Ole wako ufute chaki yangu!" Mto wa bluu ulibaki kazini, chini ya kisigino.

Mwenyekiti alikuja kila jioni. Mwanzoni alikuwa akiniona nauma meno anasema, "Inatosha, Mama." Nikamwambia, "Hesabu, au nenda kwako." Akawa anahesabu.

Wiki ya sita kipimo kikasoma themanini na nane. Wiki ya tisa kikasoma mia na mbili, na goti likanyooka kabisa. Yule dada akapiga makofi mpaka chumba kizima kikageuka. Akaniomba nije kwenye darasa la maandalizi linalofuata, niwaeleze wagonjwa wapya. Nilikwenda. Niliwakuta watu kumi na wanne, na watano kati yao walikuwa watoto waliokuja kuwawakilisha wazazi wao. Niliwarudisha nyumbani wakawalete wenye magoti. Wengine walinuna, shauri yao.

Juzi asubuhi nilikuwa nimekaa chini ya dirisha, natia uzi kwenye sindano. Mwenyekiti alikuwa mlangoni. Akaja yule mteja aliyenirudishia suruali, ana nyingine kwapani. Akauona mkongojo ninaotembelea sasa badala ya fremu, umeegemea ukuta, akapunguza sauti.

"Samahani, ndugu. Nimesikia mama alipasuliwa. Bado anashona, au ndiyo ameacha?"

Mwenyekiti akafungua kinywa. Akanitazama. Akakifunga.

"Yupo hapo," akasema. "Muulize mwenyewe."

Mteja akanigeukia. Nikanyoosha mkono kupokea suruali, nikaiweka chini ya sindano, na mguu wa kulia ukakanyaga pedali.