Kisima Ambacho Hakikuwapo

Kabla kengele ya shule ya misheni haijagongwa, Ursula alikuwa amekwisha kufagia uwanja, kuteka maji na kupanga viti vya mbao mbele ya banda la mama yake. Mama yake, Laurentia, aliuza uji na togwa kando ya njia ipitayo Chole, Kisarawe. Miaka ile, Waingereza walipokuwa wakitawala Tanganyika, mabasi yalikuwa ya kuhesabu, na reli ilipita mbali, upande wa Soga. Waliokwenda vijiji vya milima ya Uluguru kwa upande huu wa mashariki walikwenda kwa miguu, na wengi wao walipumzika kwa Laurentia.

Hawakufuata uji peke yake. Walifuata habari za njia. Laurentia alizaliwa hukohuko milimani, Matombo, akaolewa Chole na Raphaeli. Aliwaambia wasafiri watalala kwa nani, mto Ruvu unavukwa wapi, na mwinuko upi humkata pumzi mwenye mzigo. Nao walioshuka kutoka milimani walimletea mapya: mti umeanguka njiani, simba ameonekana, mtumbwi umehamishwa. Aliyapokea hayo na kuwapa waliokuwa wakipanda.

"Habari za njia ni kama moto," alipenda kusema. "Jirani akija kuchukua kijinga, wako haupungui."

Ursula alikuwa na miaka kumi na miwili. Alipenda jinsi watu wazima walivyonyamaza mama yake alipoanza kueleza njia. Moyoni alitamani siku moja wamnyamazie yeye.

Jumamosi moja Laurentia alikwenda kung'oa mihogo, akamwachia Ursula banda. Rafiki yake Mwanajuma alikuja kumsaidia kuosha vikombe. Ulikuwa mwaka mbaya. Mvua za vuli hazikunyesha, na vijito vingi vilikuwa vimebaki mchanga mtupu.

Jua lilipopanda wakafika kijana mmoja na mkewe. Kijana aliitwa Husseini, mkewe Mwanaamina, na mgongoni mwa Mwanaamina alilala mtoto mchanga aliyefungwa kanga. Walikuwa wakimpeleka mtoto huyo kwa bibi yake milimani, ambaye hajapata kumwona. Njia hiyo hawakuwahi kuipita. Husseini alitua vibuyu viwili vya maji, kimoja kidogo na kimoja kikubwa.

"Tumeambiwa tuulize hapa," alisema. "Mama mwenye banda yupo?"

"Yupo shambani. Lakini hata mimi naijua njia," akajibu Ursula.

"Basi tuambie, mdogo wangu. Tukishavuka Ruvu, mpaka chini ya mlima, maji tutapata?"

Ursula hakujua. Hajawahi hata kuuona mto wenyewe. Lakini Husseini alikuwa amenyamaza akimsikiliza, na Mwanaamina naye amenyamaza. Mwanajuma alikuwa ameshika kikombe bila kukiosha, akimtazama.

"Yapo," alisema Ursula. "Kuna kisima chini ya mkuyu. Maji yake baridi."

"Hata kwa jua hili hakijakauka?"

"Hakijawahi kukauka."

Husseini akashusha pumzi. "Alhamdulillahi! Hiki kibuyu kikubwa kilikuwa kinanivunja bega. Tuwekee, tutakichukua tukirudi." Mwanaamina akampapasa Ursula shavuni. "Mungu akuzidishie, mdogo wangu," alisema, nao wakaondoka.

Walipokwisha kupotea kwenye kona, Mwanajuma akauliza, "Hicho kisima ulikiona lini?"

"Mama alinieleza," alisema Ursula. Kisha akakichukua kile kibuyu, akakificha nyuma ya magunia. Jioni mama alipouliza nani amepita, alijibu, "Watu tu."

Kesho yake, wakiwa ndiyo kwanza wametoka kanisani, alifika Saburi, mchuuzi wa tumbaku aliyezoea kupanda na kushuka milima ile. Alikaa, akapewa togwa, akaanza kucheka peke yake.

"Laurentia, mama wee, kumbe miaka yote nimekuwa punda wa bure! Nabeba maji kutoka mtoni mpaka mlimani, kumbe kipo kisima pale mkuyuni. Tena kimejengewa mawe!"

Laurentia akaweka kata chini. "Kisima gani? Mimi ni mtoto wa kule. Toka mtoni mpaka mguuni pa mlima hakuna hata tone."

"Nimeambiwa na kijana mmoja mwenye mke na kichanga. Jana tulilala nyumba moja. Na mimi nimewaambia watu wa Maneromango, leo asubuhi nilipopita. Safari ijayo sibebi maji!"

Ursula alisikia yote. Lile neno lake la jana lilikuwa limerudi nyumbani, tena limevaa nguo nyingine. Yeye hakusema mawe. Mawe yalikuwa yamejengwa njiani, na watu wengine.

"Mama," alisema. "Mama, ni mimi. Nilisema kuna kisima. Wameacha kibuyu chao kikubwa hapa."

Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimwumiza zaidi. Laurentia alimtazama mara moja, kisha akaita, "Baba Ursula! Toa baiskeli!"

Saburi alisimama hata kabla ya kumaliza togwa. "Mimi narudi Maneromango kuwaambia kweli. Wale wamepanga kuondoka kesho kwenda milimani."

Raphaeli alifunga kile kibuyu kikubwa na kingine, vyote vimejaa, kwenye baiskeli yake ya kubebea mihogo, akampakia Ursula nyuma. Njia ilikuwa ya mchanga. Mahali pengi walishuka wakasukuma, baba usukani na mtoto nyuma, jasho likiwatoka. Mara moja tu Ursula aliuliza, "Baba, tutawawahi?"

"Sijui, mwanangu," alisema Raphaeli. "Tusukume."

Walipofika Ruvu mtumbwi ulikuwa ng'ambo. Wale wawili walikuwa wamekwisha kushuka, wanapanda ukingo wa pili. Ile kanga ya Mwanaamina ilionekana ndogo kati ya manyasi makavu.

"Waite wewe," alisema Raphaeli huku akihema. "Mimi hawanijui."

Ursula akaita. Husseini aligeuka, akamtambua, akampungia mkono kwa furaha kama mtu anayeagwa, kisha akaendelea kupanda. Palikuwa na wanawake wanafua, wavuvi wanatengeneza madema, na mpiga kasia. Wote walikuwa wamegeuka kumtazama. Ursula alijaza kifua pumzi, akapaza sauti yote aliyokuwa nayo.

"Rudini! Hakuna kisima! Nilisema uongo! Sikujua, nikasema uongo!"

Wanawake wakaacha kufua. Kule ng'ambo, ile kanga ikasimama.

Mtumbwi ulikuja, ukamvusha Ursula pamoja na baba yake na vibuyu. Alipiga magoti mchangani mbele ya Husseini. "Shikamoo. Naomba mnisamehe."

Husseini hakuitikia salamu. Alikitazama kile kibuyu kidogo alichobeba begani, ambacho maji yake yalikuwa yamekwisha nusu naye hakukijaza mtoni kwa kutegemea kisima, kisha akamtazama mtoto wake. "Huku mbele mwanangu angekunywa nini?" aliuliza. "Wewe, niambie, angekunywa nini?"

Ursula alilia. Machozi yalimdondoka mchangani.

Mwanaamina ndiye aliyemwinua. Alimfungua mtoto mgongoni, akamweka mikononi mwa Ursula. "Nishikie," alisema kwa upole, "nigawe maji haya." Mtoto alikuwa wa moto kwa usingizi, mzito kuliko alivyoonekana. Akashika kola ya gauni la Ursula kwa vidole vyake vidogo, hakuiachia. Mpaka wanaagana, Husseini alikuwa amekwisha kuitikia ile salamu. "Marahaba," alisema. "Umekuja mwenyewe. Hilo nimeliona."

Baada ya majuma machache, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, Husseini na mkewe walirudi. Walileta maharage ya mlimani, na mtoto alikuwa ameanza kucheka.

"Ursula, wewe ni mtu maarufu!" alisema Husseini. "Kila nyumba tuliyolala tulikuta habari yako. Wanasema yuko msichana wa Chole aliyepiga ukelele mto mzima usikie kwamba amesema uongo. Mzee mmoja kule juu akaniambia, 'Mtoto wa namna hiyo akikuelekeza njia leo, mfuate.'"

Watu wote bandani wakacheka, hata Laurentia. Ursula aliinamisha uso kwa haya. Kisha akasogeza kiti karibu na Mwanaamina, akamwomba amweleze njia yote toka mtoni mpaka mlimani, pole pole, kama walivyoiona wao. Mwanaamina akamweleza. Palipomtatiza, alisema, "Hapa sikumbuki, muulize Saburi."

Wageni walipokwisha kuingia ndani kupumzika, Laurentia alimvuta binti yake karibu.

"Umesikia alivyosema, 'Hapa sikumbuki'? Umemwona mdogo kwa sababu hiyo?"

"Hapana, mama. Nimemwamini zaidi."

"Basi shika hilo, mwanangu. Mtu anayekuuliza njia amekukabidhi miguu yake, na ya mtoto wake. Mpe unachokijua chote, usimnyime. Usichokijua, mwambie hukijui, atauliza mbele. 'Sijui' haijamwua msafiri yeyote. Na ukikosea, usione haya kuisema kweli kwa sauti ileile uliyosemea uongo, au kubwa zaidi."

Nje mtu alibisha hodi. Alikuwa bibi mmoja mwenye fimbo, amelowa mvua, akiuliza kama siku ile mtumbwi ulikuwa unavusha watu.

"Shikamoo, bibi. Karibu ukae," alisema Ursula. "Mtumbwi wa leo siujui. Lakini ndani kuna watu waliovuka juzi. Ngoja niwaite."