Mgeni Aliyechechemea

Zenon alikuwa kwenye ngazi, ufunguo mkononi, aliposikia mkewe anacheka.

Alisimama hapo hapo. Alikuwa amemwoa Felicja tangu kiangazi, na miezi yote hiyo alimjua kwa tabasamu la midomo iliyofumbwa, kama mtu anayeficha pengo. Kicheko hiki kilikuwa kingine kabisa. Kilitoka tumboni, kicheko cha msichana aliyejisahau. Kikafuatwa na mnong'ono. Zenon akazungusha ufunguo, na ndani kukawa kimya.

Felicja alikuwa peke yake kwenye cherehani. Mezani palikuwa na glasi mbili za chai. Moja ilikuwa imenywewa hadi majani. Ya pili ilikuwa imejaa, imepoa, imeshika utando juu.

“Nani alikuwa hapa?”

“Hapa? Hakuna mtu.”

“Na chai hii?”

“Nilijisahau nikamimina mara mbili. Vua viatu bwana, unaniletea theluji ndani.”

Akavua. Lakini pua yake ilikuwa imeshanasa harufu: dawa kali ya kuoshea sakafu za hospitali, na chini yake kitu kitamutamu, kama nyama iliyosahaulika kabatini. Akili ikamwendea kule kule inakokwenda akili ya mwanamume mwenye wivu. Ana mtu, akasema moyoni. Ana mwanamume wa hospitali.

Wivu haukumwanza siku hiyo. Zenon alikuwa fundi viatu katika ushirika mmoja hapo Lublin, Polandi, mfupi, nywele zimeanza kumkimbia, na hakuwahi kuamini kwamba mwanamke kama Felicja alimkubali yeye. Alimwonea wivu muuza nyama aliyemkatia pande zuri. Alimwonea wivu hata padri aliyempa mkono akachelewa kuuachia. Zaidi ya wote aliionea wivu ile miaka ambayo yeye hakuwamo.

Maana wakati wa vita Felicja alikamatwa na Wajerumani akiwa msichana, kwa kuwapelekea barua watu wa upinzani, akapelekwa kambi ya wanawake ya Ravensbrück. Huko madaktari walichagua wasichana wazima wa afya, wakawapasua miguu, wakatia ndani ya vidonda uchafu, vipande vya mbao, vigae vya chupa na vijidudu, kisha wakakaa kutazama nani ataoza na nani atapona, ili wajue dawa ipi inafaa kwa askari wao. Kambini waliwaita sungura wa majaribio. Wengine walikufa vitandani. Wengine walipigwa risasi wakiwa bado na bendeji zao. Felicja alirudi, lakini mguu wa kushoto ulirudi na shimo kwenye muundi ambalo kidole kingelala ndani yake.

“Mguu huu usiuguse,” alimwambia siku ya harusi. “Vingine vyote ni vyako.”

Zenon alitii. Lakini kila alipomwona anavaa soksi nene ya sufu kabla ya kulala, alihisi kama mtu aliyepewa nyumba nzima akanyimwa chumba kimoja.

Siku ya pili yake alikutana na Bi Walerka wa chumba cha jirani, amebeba ndoo ya makaa.

“Zenon, mkeo siku hizi ana mgeni mchangamfu kweli. Wewe ukitoka tu, huyo kaingia.”

“Mwanamume?”

“Mimi simchungulii mtu. Nasikia kupitia ukutani.” Akateremsha sauti. “Anachechemea, huyo mgeni. Hatua moja anakanyaga, ya pili anaburuta. Nikasema ni Felicja mwenyewe. Halafu nikawasikia wanatembea wote wawili.”

Siku iliyofuata Zenon aliaga kama kawaida, akashuka ngazi kwa kishindo, kisha akavua viatu, akapanda tena kimyakimya. Akajificha ngazi za juu mpaka Felicja alipoteremka kuchukua makaa. Akaingia, akajibanza nyuma ya pazia la kijichumba cha kuwekea viazi, kisu cha kukatia soli mfukoni. Amwone huyo bwana. Amwone uso kwa uso.

Ilikuwa saa za mchana, jua la Februari linamulika theluji juu ya mapaa, chumba kizima cheupe. Felicja akarudi, akawasha jiko, akamimina chai glasi mbili. Kisha akakaa kitandani, akavua ile soksi ya sufu mwenyewe, akauacha mguu wazi, na Zenon nyuma ya pazia akakishika kile kisu.

“Njoo,” Felicja akasema. “Ameshaondoka.”

Mlango haukufunguka. Hatua zikaanzia dirishani, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila mwanga. Ya kwanza ilikanyaga. Ya pili ikaburuta, na mburuto wake ulikuwa mzito, wa kitu kigumu juu ya mbao. Ile harufu ikajaa chumba, dawa na uozo pamoja, ikamwingia Zenon kooni mpaka akaziba mdomo kwa kiganja, na godoro kando ya mkewe likabonyea taratibu, kama linavyobonyea mtu mwepesi akikaa kwa kuhofia maumivu, na juu ya shuka iliyobonyea ukaanza kuonekana mguu, mguu peke yake kwanza, umefungwa plasta ngumu ya kuungia mifupa tangu kwenye paja hadi vidole, plasta iliyochafuka kwa unyevu wa kijani, na vidole vyake vilivyochomoza mwishoni vilikuwa vyeusi.

Hakuwa mwanamume. Zenon alijua hapo hapo, na hakupata nafuu yoyote.

“Leo umechelewa, Tylcia,” Felicja akasema, akiwa ameanza kuvisugua vile vidole vyeusi kwa viganja vyake.

“Unanuka ngozi na gundi,” sauti ikajibu, ya msichana, kavu. “Unanuka yeye.”

“Ni mume wangu.”

“Anakushika mguu?”

“Hapana. Sijamruhusu.”

“Vizuri. Huo ni wangu. Kila kitu ulishampa, huo ni wangu. Tuliapa tutatoka pamoja, Felka. Halafu uliniambia nigeuke upande wa ukuta.”

“Nilikuwa nasikia kichefuchefu. Ile harufu, Tylcia. Sikujua kama unakufa.”

“Nilikufa nikiangalia ukuta.” Godoro likasogea karibu zaidi. “Na huyo uliyembeba tumboni? Ni wake, au ni wetu?”

Zenon hakuwa amesikia habari ya mimba. Mkewe alimwambia maiti kabla ya kumwambia yeye. Mtu mwingine angekaa pale pale nyuma ya pazia na kuomba Mungu. Kwake yeye wivu ulishinda woga, akalivuta pazia likakatika.

“Wangu!” akapiga kelele. “Mimi ndiye mumewe, mimi ndiye baba! Wewe ni nani humu ndani?”

Glasi iliyojaa ikapasuka. Pale kitandani uso ukaonekana kwa nukta moja, uso wa msichana wa miaka kama kumi na tisa, mzuri, umejaa chuki ya mtu aliyenyang'anywa. Kisha hapakuwa na mtu. Felicja akapiga yowe, akashika muundi wake, na kati ya vidole vyake usaha ukaanza kutoka katika kovu lililofunga miaka tisa.

Homa ikampanda siku hiyo hiyo. Zenon alimleta daktari, mzee mpole mwenye koti jeupe, naye Felicja alipoliona lile koti alitambaa chini ya meza, akakataa kutoka mpaka mzee wa watu akaondoka. Kidonda kikazidi. Zenon aliosha, akafunga, akaosha tena. Ndiyo mara ya kwanza aliugusa mguu ule, na hakuufurahia.

“Tylcia ndiye nani?” akamwuliza.

“Jina lake Otylia. Tulilala kitanda kimoja tangu gereza la hapa Lublin,” Felicja akasema, meno yanagongana. “Alikuwa anacheza dansi. Kwao hakubaki mtu. Walimchoma, majivu wakamwaga ziwani. Hana kaburi, Zenek. Ana mimi tu.”

Ni Bi Walerka aliyewaambia la kufanya, alipoletewa ile harufu na upepo wa ngazini. Kwao alikotoka, upande wa Bielsk, kuna mabibi wanaoponya kwa kunong'ona. “Hospitali haiwezi kitu kama hicho,” akasema. “Mpeleke kwa Tekla.”

Wakaenda kwa treni, kisha kwa sleji ya mkulima iliyokokotwa na farasi juu ya theluji, Felicja amefunikwa mablanketi. Bibi Tekla alikuwa mdogo kama mtoto, kilemba cheupe, sanamu za watakatifu kona moja na jiko kubwa la udongo kona nyingine. Alimkalisha Felicja kwenye kigoda, akamfunika kichwa kwa kitambaa cha kitani, akaweka juu yake donge la nyuzi za kitani, akanong'ona sala, akaliwasha. Moto wa kitani hupanda juu mara moja na kuzimika. Ule wa siku hiyo ulilala, ukatambaa pembeni, ukaanza kushuka kuelekea mguuni. Bibi akauzima kwa kiganja.

“Nimeshatoa mapepo, hili si pepo,” akasema. “Ni mtoto wa watu. Wewe mwanamume, umemfanya nini?”

“Mimi? Yeye ndiye aliyeingia kwangu!”

“Umegombana naye?”

“Anamtaka mke wangu.”

“Na wewe ukamkabili kama jogoo.” Bibi akamgeukia Felicja. “Sema, binti. Unataka nini?”

Kinywa cha Felicja kikafunguka, na sauti iliyotoka ni ile kavu. Dirisha lilikuwa na jua, nje kuku wanapekua samadi, na Zenon akarudi nyuma mpaka ukutani.

“Nimemchoka huyu mwanamume,” sauti ikasema. “Anamwonea wivu mchana kutwa. Muuza nyama, padri, wote. Mimi nimeonewa wivu na nani? Walinikata kabla hata mvulana mmoja hajanisubiri nje ya mlango. Felka ana mtu wa kumlalamikia. Ana mtoto. Mimi nina plasta.”

Zenon alikuwa amekuja na maneno mengi ya kumwambia kiumbe huyo, na yote akayasahau. Alichokiona ni msichana mwenye kijicho cha kitu kile kile kilichomtesa yeye: vya wengine, asivyopewa.

“Unataka nini, Otylia?” akauliza, safari hii kwa upole.

“Nataka miguu yangu.”

“Siwezi. Najua kushona viatu tu.”

Kisha mguu wa kushoto wa Felicja ukanyooka wenyewe mbele yake, na juu yake, kama ukungu juu ya kioo, ikatanda ile plasta.

“Haya, pima,” Bibi Tekla akanong'ona. “Usimwangalie usoni.”

Zenon akapiga magoti. Akatoa mfukoni utepe wake wa kazi, akauzungushia ule mguu kwa mikono iliyokufa ganzi, plasta baridi kama chuma kilicholala thelujini, vidole vyeusi vinagusa kifundo cha mkono wake, harufu inamtoa machozi, naye akapima urefu, upana, mgongo wa wayo, bila kuharakisha, kama anavyompimia mteja yeyote anayekwenda dansi, akauliza kama anataka kisigino kirefu, na kwa mbali sana akasikia msichana anavuta pumzi na kusema, “Kirefu.”

Viatu alivishona kwa siku chache, vyekundu, vya kamba ya kifundoni. Felicja aliketi karibu, kidonda kinaanza kukauka, akimtazama mumewe anavyoviinamia.

Wakavizika kwenye makaburi ya Lublin ndani ya kisanduku, chini ya msalaba wenye jina la Otylia, asubuhi yenye jua, padri yule yule akisoma. Padri alipoondoka walibaki wawili. Ndipo hatua zilipoanza kwenye njia ya kokoto. Zote mbili zilikanyaga. Hakuna iliyoburuta. Zikaenda, zikaongeza mwendo, zikakimbia mpaka karibu na geti, na Felicja akalia kwa sauti.

Kisha zikasimama. Zikageuka. Taratibu, kisigino kwa kisigino, zikaanza kurudi, na hazikumwelekea Felicja. Zilimwelekea Zenon, fundi aliyepiga magoti na kuushika ule mguu. Zikasimama mbele yake, karibu kabisa, na shavu lake likapoa kama limepuliziwa.

Zenon akamtazama mkewe. Uso wa Felicja ulikuwa umebadilika. Machozi yalikuwa bado, lakini taya zilikuwa zimekaza, na macho yaliwaka kwa kitu ambacho Zenon alikijua kuliko mtu yeyote pale Lublin, wala hakuwahi kuota kukiona kwake. Felicja akapita katikati, akachechemea hatua moja mbele, akaushika mkono wa mumewe na kuubana juu ya tumbo lake.

“Tylcia,” akasema, “nakupenda, na nitakulilia mpaka nife. Viatu tumekupa. Mume sikupi.”

Kokoto zikatulia. Kisha hatua zikageuka, bila haraka, zikatoka getini.