Fungu la Haraka

Zimwi lilichomoza katikati ya meza, likanyoosha shingo mpaka karibu na taa, likapumua. Joto lake lilimfika Kalunde usoni kabisa, ingawa alijua fika kwamba ni nuru na hewa ya moto tu. Kazi ya mezahai ndiyo hiyo: unaweka karata juu ya kioo, nayo inamsimamisha mbele yako yule aliyechorwa, akitembea na kupigana. Ukiweka Panga Mbili, shujaa wako anachomoa mapanga mawili. Ukizembea, zimwi linamla shujaa wako na wa mwenzako pia, maana katika mchezo huu wachezaji hawashindani. Wako upande mmoja. Wanashinda wote au wanakufa wote.

Watu wa Tabora waliucheza kwa burudani, mpaka jiji likautafutia kazi nyingine. Mtu aliyeugua ubongo hakuruhusiwa tena kuishi kwake hadi Kipimaakili, mtambo unaoendesha mezahai za hospitali, kiridhike kwamba bado anaweza kuamua mambo. Asipokiridhisha, anapelekwa Makazi ya Uangalizi, ambako mashine humwamulia saa ya kula, ya kuoga na ya kulala. Eti kwa usalama wake.

Mihayo, kaka yake Kalunde, fundi wa mitambo ya maji, aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, ila akili ikawa inakwenda polepole. Ukimuuliza chai au uji, anatulia kwanza. Jibu linakuja, tena la maana, lakini lazima umsubiri.

Sheria ilimruhusu kuja na mwenzake mmoja wa kucheza naye. Akamchagua mdogo wake, na nani asingemchagua? Kalunde alikuwa bingwa wa mezahai mkoa mzima. Akamwaga karata zake mkekani, akaanza kupanga fungu, yaani zile karata ambazo mchezaji anaingia nazo vitani.

"Ngao, toa," alisema, akiitupa pembeni. "Dawa, toa. Hizi zinakula nguvu nyingi halafu zinakuacha umekaa unangoja. Sisi tunataka karata nyepesi. Unaitoa, inauma papo hapo. Na fungu liwe dogo, ili kila ukivuta, unavuta panga."

"Na mimi je?" Mihayo aliuliza.

"Wewe, kaka, utanilinda mgongo."

"Kwa ngao ipi, na umezitupa?"

Kalunde akacheka, akamrudishia ngao chache, kama unavyompa mtoto mwiko ashike wakati wewe unapika. Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Kila walipofanya mazoezi, Mihayo alishika karata mbili akizipima, na kabla hajaamua, zimwi lilikuwa limeshakufa.

"Niachie zamu moja, Kalunde."

"Ukifikiria hivyo siku yenyewe, litatula sote. Tushinde kwanza."

Siku ya kipimo, Daktari Siwa aliyewapokea aliwaambia waziwazi kwamba Kipimaakili hakitazami ushindi. Kinatazama mgonjwa anavyoamua. "Chezeni taratibu," alisema. Kalunde akaitikia sawa, daktari, kama mabingwa wote wanavyoitikia wakielekezwa na mtu asiyecheza.

Zimwi likasimama. Kalunde akaanza na Mbio za Duma, akaongeza panga, akaongeza jingine, akamalizia na Ghadhabu inayozidisha kila pigo. Zimwi likaanguka kabla zamu haijavuka meza kumfikia Mihayo. Hakuwahi kucheza vizuri namna ile maishani mwake. Alipogeuka kumkumbatia kaka yake, alimkuta ameshachagua karata yake, ameishika tayari.

"Hongereni, mmeshinda," Kipimaakili kilisema, kwa ile sauti yake ya upole inayochefua. "Mihayo hakufanya uamuzi wowote. Hakuna ushahidi kwamba anaweza. Atahamia Makazi leo. Atapimwa tena mwakani."

"Ni mimi niliyemnyima zamu," Kalunde alisema. "Rudia mchezo."

"Hilo limeonekana. Halibadilishi matokeo."

Kalunde akamtazama daktari. Daktari akasema hana mamlaka juu ya mtambo, akaangalia pembeni.

Ndipo Kalunde akapiga magoti mbele ya kiti cha kaka yake. "Nisamehe, kaka. Niliogopa utachelewa."

Mihayo akatulia. Safari hii mdogo wake alimsubiri.

"Najua uliogopa," akasema mwishowe. "Wewe na mimi tumekula sahani moja tangu utoto, na hukuniamini hata kwa zamu moja. Hicho chombo kingeniamini kwa lipi?"

Gari la Makazi lilikuwa limeshafika.