Taa za Dharura Njia ya Bunda

Hili lilimpata rafiki yangu Mseti, mwaka ule wa uhaba wa sukari. Alikuwa akirudi Musoma kutoka Bunda, pikapu yake imeficha magunia mawili ya sukari ya magendo. Magharibi, kwenye mvua, akaona Land Rover mtaroni, taa za dharura zikiwaka na kuzimika. Mwanamke aliyesimama kando yake akaita, "Kaka, simama, mama anakufa!"

Mseti akazima taa zake, namba isionekane, akapita.

"Huwaga nasimama," aliniambia, macho chini. "Siku ile nilipita."

Aibu ilimrudisha usiku uleule. Palepale alikuta mkweche wa Land Rover ulioota nyasi, hauna milango wala injini. Mwanamke hakuwepo. Akaingiza mkono kwenye tundu la taa. Hapakuwa na balbu wala waya, lakini chuma kilikuwa cha moto.