Vigelegele vya Mke Wangu Ndani ya Santuri ya Gary Vale

Nilikuwa na kikombe cha chai mdomoni mke wangu alipoanza kupiga vigelegele ndani ya mashine.

Sisemi kwa mfano. Ndani ya mashine kabisa... jukebox, ile ya kutumbukiza sarafu inakuchezea santuri, kwenye mkahawa mmoja mtaa wa Perry Barr, Birmingham, tulikokuwa tukipumzika baada ya zamu ya kiwandani.

Milka wangu saa hiyo alikuwa hospitalini, amevaa kofia yake ya unesi, anageuza wagonjwa.

Lakini sauti yake ilikuwa humo. Katikati ya wimbo wa mwanamume mwingine.

Chai ikanitokea puani.

Wadau, hii ni 1974. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, kwa hiyo msije mkanibishia kwenye comments.

Huyo mwanamume aliitwa Gary Vale. Alikuwa mwimbaji wa Brick Kiln, bendi ya rock ya hapa hapa Birmingham, magitaa ya kupasua masikio. Nywele mabegani, miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Watu walisema ni Mtaliano. Mwaka ule akaiacha bendi, akatoa wimbo wake peke yake, na mji ukagawanyika pande mbili.

Rafiki yangu Charanjit, Singasinga wa Nakuru tuliyefanya naye kazi mashine moja, alikuwa upande wa wenye hasira.

"Ameharibu," akasema. "Miaka yote nampasulia koo, leo ananiletea nyimbo ya harusi? Gitaa iko wapi? Na huyu mama analia nini hapo kati?"

"Halii. Anapiga vigelegele."

"Unamjua?"

"Nitamjulia wapi?"

Meza ya pili Mzungu mmoja akairushia jukebox kipande cha mkate. Dada aliyetumiminia chai akafuta machozi kwa aproni, akasema atakayeuzima wimbo huo atakunywa maji ya vyombo.

Mimi nilikuwa sina upande. Nilikuwa na mke.

Naomba niwaeleze vile vigelegele, ndipo mtanielewa. Milka hapigi kama wanawake wengine. Anapanda, anakata ghafla kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni, halafu anamalizia na kamkia kadogo kanakopinda kwenda juu. Ndivyo alivyoninasa. Harusi ya binamu yangu, Kisumu, nilisikia kale kamkia nikaacha pilau kwenye sahani nikaenda kumtafuta mwenyewe.

Na yeye ndiye aliyeniambia: kamkia kale kanajulikana na watu wawili tu duniani, yeye na mama yake Zilpah aliyemfundisha.

Mama Zilpah tulimzika kabla hatujaja Uingereza.

Sasa fanya hesabu, msomaji. Amebaki nani?

*

Nilinunua ile santuri, nikaingia nayo nyumbani Hodge Hill nimeificha ndani ya koti kama kuku wa wizi. Milka alikuwa anasonga ugali wa semolina, maana unga wa mahindi hatukuupata kirahisi siku hizo. Sikumsalimia. Nikaweka sindano juu ya santuri.

Vigelegele vilipofika, mwiko ukasimama.

Akakaa chini polepole. Machozi haya hapa.

"Kumbe unalia," nikasema.

"Rudisha nyuma nisikie tena."

"Milka. Umeanza lini na huyu Mtaliano?"

"Si mimi huyo, Cleopas."

"Ni nani basi?"

"Hata mimi nataka kujua."

Jamani... jibu gani hilo? Mwizi akikutwa na mbuzi wako atasema hata yeye anashangaa mbuzi amefikaje.

Hapo ndipo nilipoapa. Nikasimama katikati ya jikoni, nikanyoosha kidole.

"Sikia. Siku nitakayokuona unampigia huyo mtu vigelegele, mimi na wewe basi. Nakata tiketi narudi Kisumu peke yangu."

Milka akarudi kwenye ugali wake.

"Nimesikia," akasema. "Na wewe usisahau ulichosema."

Kuanzia siku ile nyumba ikawa na wanaume wawili... mimi na Gary Vale. Milka akipiga pasi, Gary anaimba. Akisuka nywele, Gary anaimba. Nikaificha sindano ya gramafoni ndani ya semolina, akaipata akitafuna tonge. Aliitoa mdomoni, akaifuta, akaenda kuucheza wimbo.

Nilikonda mpaka Charanjit akauliza kama nina minyoo.

*

Ndipo likatoka tangazo: Gary Vale ataimba mjini, na onyesho litarekodiwa, watoe santuri yake.

"Twende," nikamwambia Milka.

"Wewe? Kwa Mtaliano?"

"Twende tu."

Mpango wangu ulikuwa mmoja. Nitaangalia macho ya yule jamaa. Akitazama tulipo mara moja tu, nimemaliza upelelezi. Nilimwalika na Charanjit, akasema yeye hakanyagi, amemgomea Gary Vale mpaka arudi kwenye bendi yake.

Tulikaa ghorofani, viti vya bei ya chini. Mbele yetu kulikuwa na mama mzee wa Kipunjabi, amejitanda shali nyeupe, na mbele ya mdomo wake wamemsimamishia maikrofoni. Nikashangaa, lakini kidogo tu. Wivu hauachi nafasi ya kushangaa mambo mengine.

Kule chini vurugu. Nusu ya ukumbi wanapiga makofi, nusu wanapiga kelele: "Rudi Brick Kiln! Tuletee magitaa!"

Gary akaanza wimbo wenyewe. Akainua uso... akatazama juu, kulekule tulipokaa. Akatabasamu!

"Umeona?" nikamnong'oneza Milka kwa Kiswahili, na mnong'ono wangu ulisikika safu tatu. "Umeona anavyokuchekea? Unabisha tena?"

Yule mama wa shali akageuka.

"Nyinyi watu ya wapi?" akauliza, Kiswahili cha Kisumu kabisa. "Nyamaza kidogo. Mtoto yangu naimba."

Nikakodoa macho.

"Mtoto wako yupi, mama?"

"Huyo chini. Gurnam. Nyinyi naita Gary." Akagonga maikrofoni kwa kidole. "Mimi Swaran. Ile kelele iko kwa nyimbo, mimi napiga. Leo napiga tena."

Milka akamshika bega.

"Mama... nani alikufundisha?"

"Jirani yangu. Kota ya reli, Kisumu. Mimi nazaa Gurnam, yeye napiga ile kitu mpaka stesheni masta nakuja kuuliza nani nakufa. Halafu nafundisha mimi. Kila siku, tukifua nguo. Naitwa Zilpah."

"Zilpah ni mama yangu," Milka akasema.

Yule mzee akamshika uso kwa mikono yote miwili. "Wewe Milka? Ile mtoto nalilia sukari-guru yangu?"

Wakakumbatiana. Mimi nikatazama viatu vyangu. Viatu vizuri, vya kazini.

Lakini wimbo haungoji mtu. Ulifika pale. Ngoma zikashuka, Gary akaonyesha mkono ghorofani, ukumbi mzima ukageuza shingo.

Mama Swaran akajaza pumzi, akafungua mdomo...

Fffff.

Hewa tupu. Akajaribu tena. Kitu kikasema *kle-kle*, akafunika mdomo kwa shali.

"Meno," akanong'ona. "Meno mpya ya hospitali. Nawekwa juzi. Nacheza ndani ya mdomo."

Chini wakaanza kuzomea. Bendi ikarudia palepale, ikizunguka kama gari lililokwama kwenye matope. Gary amenyoosha mkono, tabasamu limeanza kukauka.

"Binti," Mama Swaran akamwambia Milka. "Saidia ndugu yako."

Milka akakunja mikono kifuani.

"Siwezi, mama. Nimekatazwa."

"Nani nakataza?"

"Huyu hapa. Alisema nikimpigia Gurnam vigelegele, ndoa imekwisha. Na mimi ndoa yangu naitaka."

Wote wawili wakanigeukia. Mzomeo unapanda. Mama Swaran ana machozi.

Nilichotakiwa kusema ni neno moja. *Piga.* Basi.

Nililitafuta hilo neno, wadau. Lilifika kwenye koo likaona giza, likarudi. Maana nilishaona picha: sauti ya Milka wangu inaingia kwenye santuri, inaenda kuchezwa kwenye kila mkahawa, kila mwanamume wa Birmingham anakunywa nayo chai. Kamkia kangu!

Nikasema moyoni, bora niaibike mimi.

Nikainama kwenye maikrofoni, nikapiga mwenyewe.

Ndiyo. Mimi. Mwanamume mzima mwenye masharubu. Kwetu mwanamume hapigi vigelegele hata akishinda vita, na utotoni nilichapwa kwa kuwaiga akina shangazi. Lakini nilikuwa nimelala na ile sauti masikioni miaka yote ya ndoa. Nikapanda, nikakata, nikamalizia na kamkia.

Ukumbi ukalipuka.

Waliokuwa wakizomea walikuwa juu ya viti. Nasikia taa moja ilipasuka, ingawa Milka anasema iliungua tu. Gary alinitazama hadi miwani ikamteleza puani.

Milka? Alicheka akateleza chini ya kiti. Alipoinuka alinishika mkono, hakuuachia hadi kituo cha basi. Mama Swaran akawa anakuja kwetu kila Jumapili, na Milka akawa na mtu wa kumsimulia habari za mama yake.

*

Santuri ya onyesho ilipotoka, Charanjit alikuja kazini na uso wa mtu aliyeokoka.

"Nimemsamehe Gary," akasema. "Lakini sio kwa ajili yake. Umesikia huyo mwanamke, Cleopas? Ile ya kwanza sikuelewa. Hii... bwana, nimependa. Nitamtafuta. Nitamwoa."

"Pengine ameolewa," nikasema.

"Mume wake ana bahati gani."

Alimtafuta mpaka tukastaafu. Kila mhudumu mwenye sauti nyembamba alimwuliza kama aliwahi kuimba. Nikampa moyo. Rafiki ni rafiki.

Milka naye, ile santuri ikichezwa tu, ananuna. Anasema haiwezekani mimi nipendwe na mji mzima kwa mali ya mama yake, na yeye ananikandia miguu bila hata barua moja ya shabiki.

Somo? Wivu humtuma mtu kulinda mlango, kisha ukamfanya yeye mwenyewe kuwa mgeni anayegonga. Ukimkataza mwenzako jambo, hakikisha kwanza kwamba wewe hujui kulifanya.

Na Charanjit, najua upo kwenye hili kundi na unasoma bila ku-like. Yule mwanamke wako anakusalimu. Amenyoa masharubu siku hizi.